WIMBO UNA MWENYEWE: Mafunzo ya John De'Mathew kwa Mwalimu na Mtahiniwa wa Fasihi

Utangulizi

Ipo sentensi moja inayojitokeza mno katika majibu ya watahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili: "Nyimbo ni mali ya jamii nzima na hazina mtunzi maalum." Sentensi hii imekaririwa madarasani kwa miaka mingi hata imekuwa kama methali. Mwalimu huiandika ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, kisha huirudisha katika mtihani bila kuiuliza swali lolote.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba sentensi hiyo ni kweli nusu tu. Inafaa kwa kimai cha mvuvi, kwa bembea ya mama anayembembeleza mtoto na kwa wimbo wa jando. Haifai hata kidogo kwa wimbo uliotungwa na mtu mwenye jina, ukarekodiwa, ukauzwa na kuchezwa katika matatu ya kutoka Thika hadi Nairobi. Wimbo wa aina hiyo una mwenyewe. Mhakiki asiyemtambua mwenyewe huyo amekosea mara mbili: amekosea katika fani, kwa sababu amechanganya tanzu mbili, na amekosea katika haki, kwa sababu amemnyima mtu jina na jasho lake.

Ili jambo hili lisibaki la nadharia, tutaangalia maisha na kazi ya mtunzi aliyejulikana vyema katika eneo letu la Thika, Gatanga na Ruiru, yaani marehemu John De'Mathew. Kisha tutaeleza sheria ya hakimiliki inavyofanya kazi, inavyomhusu mwalimu, na namna mtahiniwa anavyoweza kuitumia elimu hiyo katika uhakiki.

Chimbuko la kosa

Kosa hili lina asili inayoeleweka. Tunapofundisha sifa za fasihi simulizi, tunasema kwamba hupokezwa kwa mdomo, hubadilika kulingana na fanani na hadhira, na ni mali ya jamii. Sifa hizi ni za kweli kwa jumla. Hata hivyo, wataalamu wenyewe wametuonya tusizitie chumvi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza nafasi ya mtu binafsi katika utunzi na utendaji. Kwa maneno mengine, hata wimbo wa kale kabisa ulianza kinywani mwa mtu fulani. Jamii haikukaa mkutano ikatunga. Mtu alitunga, jamii ikapokea, na jina likasahaulika njiani.

Hapa ndipo penye fundo. Kutojulikana kwa mtunzi si sawa na kutokuwapo kwa mtunzi. Chukua mfano wa "Jambo Bwana". Wimbo huu huimbwa hotelini na wageni wakashangilia, huimbwa na watoto shuleni, na wengi hudhani ni wimbo wa jadi wa Pwani. Ukweli ni kwamba ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, na ukarekodiwa na bendi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umaarufu wake ndio uliomficha mtunzi.

Mfano wa pili ni "Malaika". Fadhili William alisifika kwa kuurekodi mapema katika miaka ya 1960, na waimbaji wa nchi nyingine, akiwemo Miriam Makeba, wakaupeleka duniani kote. Lakini kuhusu nani hasa aliyeutunga, wametajwa watu zaidi ya mmoja, akiwemo Adam Salim wa Tanzania. Fadhili alifariki mwaka wa 2001 mjadala huo ukiwa haujafungwa. Angalia basi, msomaji: wimbo wa mapenzi unaojulikana kuliko nyimbo nyingi za Kiswahili, na bado watu wanabishana kuhusu baba yake. Hii ndiyo hasara ya kuacha jina la mtunzi lipotee.

John De'Mathew kwa muhtasari

Jina lake kamili lilikuwa John Ng'ang'a Mwangi, lakini wasikilizaji walimjua kama John De'Mathew. Alitoka Gatanga, Kaunti ya Murang'a, eneo linalopakana na mji wa Thika. Gatanga ina sifa ya pekee katika muziki wa Kenya. Mtindo wa benga, ambao chimbuko lake ni Nyanza kwa Waluo, ulipofika Mlima Kenya ulipata makao hapo, na Daniel Kamau, maarufu kama DK, ni miongoni mwa waliotangulia kuuimba kwa Gikuyu tangu miaka ya 1960. De'Mathew alikuja kizazi kimoja baadaye. Alianza kurekodi katika miaka ya 1980, na hadi kifo chake alikuwa ametunga mamia ya nyimbo, zikiwemo "Peris Nduku" na "Njata Yakwa".

Alisifika kwa mambo mawili yanayomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi. Kwanza, alitunga mwenyewe. Hakuwa mwimbaji wa kuazima. Pili, lugha yake ilijaa methali, misemo na mafumbo ya Gikuyu, kiasi kwamba kijana wa mjini Ruiru aliyelelewa kwa Sheng alilazimika kumuuliza babu yake maana. Kwa istilahi zetu, De'Mathew alikuwa mtunzi na fanani kwa pamoja: alibuni maneno na lahani, akapiga gitaa, na akasimama mbele ya hadhira.

Alifariki usiku wa tarehe 18 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 52, gari lake lilipogonga lori katika barabara kuu ya Thika, karibu na hoteli ya Blue Post. Jioni hiyo alikuwa ametoka katika mchango wa kumsaidia mwanamuziki mwenzake. Tafadhali liweke jambo hili akilini, kwa maana lina uzito katika hoja yetu.

Kutoka mchango hadi ushirika

Kwa nini mwanamuziki ambaye nyimbo zake zinachezwa kila siku ahitaji kuchangiwa anapofikwa na shida? Jibu ni kwamba wimbo unaweza kusikika kila mahali na mwenyewe asipate chochote.

Zingatia tofauti iliyopo kati ya mtunzi na mwalimu. Mwalimu akihitaji mkopo wa kujenga nyumba au kulipa karo, ana hati ya mshahara na ana chama cha ushirika. Benki inajua kwamba mwisho wa mwezi kitu kitaingia. Mwanamuziki hana hati hiyo. Mali yake ni nyimbo, na nyimbo haziwezi kutiwa ua wala kufungiwa ghalani. Katika enzi ya kaseti, mwenye mashine ya kunakili alitoa nakala mia usiku mmoja na kuziuza mitaani kwa bei ya chini. Zikaja sidii, zikaja kadi za kumbukumbu na simu, na kunakili kukawa rahisi zaidi. Matokeo yake ni kwamba watunzi wengi walitegemea malipo ya jukwaani peke yake. Aliyeugua hakupanda jukwaani, na asiyepanda jukwaani hakula.

De'Mathew aliongoza, akiwa mwenyekiti, chama cha ushirika cha akiba na mikopo kiitwacho TAMCO, yaani Talented Musicians and Composers. Zingatia jina hilo. Halikutaja waimbaji kwa jumla. Liliwataja wanamuziki na watunzi, kana kwamba waanzilishi wake walitaka utunzi utambuliwe kuwa kazi kamili kama uashi au ualimu. Katika ushirika wa aina hii mwanachama huweka akiba kidogo kidogo, wenzake humdhamini, naye hukopa kwa masharti nafuu.

Huenda ukauliza: ushirika una uhusiano gani na haki za watunzi? Uhusiano ni mkubwa. Haki iliyoandikwa katika sheria haimsaidii mtu aliye peke yake na mfuko mtupu. Kushtaki kunahitaji pesa na muda. Mtunzi mwenye njaa huuza wimbo wake wote kwa mara moja, kwa bei atakayopewa, na kutia sahihi asichokisoma. Mtunzi mwenye akiba anaweza kusema "hapana, ngoja nisome kwanza". Kwa hiyo kumpa mtunzi akiba ni kumpa uwezo wa kukataa, na uwezo wa kukataa ndio mwanzo wa haki.

Hata hivyo, ushirika hautoshi bila sheria. Mwanamuziki mwingine wa Gikuyu, J.B. Maina, alionyesha upande huo aliposhtaki kampuni ya Safaricom akidai kwamba nyimbo zake zilitolewa kwa wateja wa simu bila idhini yake. Kesi hiyo iliishia kwa maafikiano ya kulipwa fidia, nayo hutajwa mara kwa mara na wanaotetea watunzi nchini. Tangu wakati huo sheria yenyewe imepiga hatua: marekebisho ya mwaka wa 2022 yaliweka kwamba msanii apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya nyimbo zinazosikika mtu anapopigiwa simu.

Sheria inasema nini?

Mwalimu wa Kiswahili si wakili, lakini anapaswa kujua misingi hii michache.

(i) Sheria inayotawala ni Sheria ya Hakimiliki, Nambari 12 ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika mwaka wa 2003 na kurekebishwa baadaye. Inasimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Aidha, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 40, inaitaka serikali iunge mkono na kulinda hakimiliki za Wakenya.

(ii) Kazi hulindwa ikiwa ni ya asili, yaani mtunzi ametia juhudi yake mwenyewe, na ikiwa imewekwa katika hali ya kudumu kama vile kuandikwa au kurekodiwa. Wimbo ulio kichwani tu, au ulioimbwa arusini usirekodiwe, bado haujaingia chini ya ulinzi huu. Mwanafunzi wako anayetunga nyimbo aambiwe: andika, weka tarehe, rekodi hata kwa simu.

(iii) Kusajili kazi si sharti la kupata hakimiliki. Haki huzaliwa pamoja na kazi. Lakini usajili husaidia kama ushahidi pakizuka mzozo.

(iv) Ulinzi wa kazi ya muziki au ya kifasihi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Piga hesabu: De'Mathew alifariki 2019, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2069. Joseph Kamaru, mtunzi mwingine mkubwa wa Murang'a, alifariki 2018. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2068. Mwanafunzi wa kidato cha nne leo huenda akawa mzee wa miaka sitini kabla nyimbo hizo hazijawa huru. Kifo cha mtunzi hakifuti haki. Huzihamishia kwa warithi, kama shamba.

(v) Kuhaulisha hakimiliki, yaani kumpa mtu mwingine umiliki, ni lazima kufanywe kwa maandishi na kutiwa sahihi. Maneno ya mdomo katika studio hayatoshi.

(vi) Mbali na haki ya mapato, mtunzi ana haki za kimaadili: haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi ndizo zinazotugusa sana sisi wahakiki, kwa sababu silaha yetu kuu ni kutaja na kufasiri.

Wimbo mmoja, haki tatu

Watu wengi huchanganyikiwa wanaposikia majina ya vyama vya kukusanya mirabaha. Tutumie mfano wa kubuni ulio karibu nasi.

Fikiria baa mjini Ruiru Jumamosi usiku. Mwenye baa anacheza sidii ya wimbo wa benga. Katika wimbo huo mmoja kuna haki za watu wa aina tatu. Yupo aliyetunga maneno na lahani, ambaye chama kilichojulikana kwa muda mrefu kumwakilisha ni MCSK, kilichoanzishwa mwaka wa 1983. Wapo walioimba na kupiga ala siku ya kurekodi, ambao chama kilichojulikana kuwawakilisha ni PRISK. Yupo pia mtayarishaji aliyegharamia rekodi, ambaye chama chake ni KAMP. Vyama vya aina hii havifanyi kazi ovyo. Vinahitaji leseni ya KECOBO, na KECOBO inaweza kuinyima. Mwaka wa 2017, kwa mfano, MCSK ilinyimwa leseni hiyo. Watunzi wenyewe wamelalamika mara nyingi kwamba kinachokusanywa ni kingi na kinachowafikia ni kidogo, na malalamiko hayo ni sehemu ya harakati za haki tunazozizungumzia.

Sasa badilisha mfano kidogo. Badala ya sidii, anakuja mwanamuziki wa mugithi, mmoja tu na gitaa lake. Neno mugithi katika Gikuyu ni garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana kwa mstari kama mabehewa. Fanani huyu huunganisha nyimbo za watunzi mbalimbali, wazee kwa vijana, kwa usiku mzima. Je, amevunja haki ya nani? Rekodi haijachezwa, kwa hivyo haki za mtayarishaji na za waimbaji wa rekodi haziguswi. Lakini maneno na lahani ni vya mtunzi, na kuviimba hadharani katika biashara kunahitaji idhini yake. Kwa kawaida anayelipia leseni ya utumbuizaji ni mwenye ukumbi, wala si mpiga gitaa.

Mfano huu una thamani kwa mhakiki. Unatenganisha dhana nne ambazo watahiniwa huzichanganya:

1. Mtunzi: aliyebuni maneno na lahani.
2. Fanani: anayetenda mbele ya hadhira. Anaweza kuwa mtunzi au asiwe.
3. Mtayarishaji: anayegharamia na kusimamia rekodi.
4. Nafsineni: sauti inayozungumza ndani ya wimbo. Mtunzi mwanamume anaweza kumfanya nafsineni awe mwanamke anayelalamika, na malalamiko hayo yasiwe yake.

Mtahiniwa anayeandika "mwimbaji anasema" kwa kila jambo amezifunga dhana hizi nne katika kapu moja.

Mipaka ya umiliki

Isidhaniwe kwamba kila kilichomo ndani ya wimbo ni cha mtunzi. Sheria hailindi wazo wala dhamira. Hulinda namna wazo lilivyoelezwa. De'Mathew hakumiliki dhamira ya mapenzi wala ya usaliti. Mtu yeyote anaweza kutunga juu ya mambo hayo. Vivyo hivyo, methali alizozitumia ni za jamii ya Agikuyu na hakuna awezaye kuzidai. Kilicho chake ni jinsi alivyozipanga, alivyozijibu, alivyozipindua na kuzitia katika lahani.

Upande wa pili, wimbo wa jadi kuwa wa jamii hakumaanishi kwamba ni wa bure. Ibara ya 11 ya Katiba inazungumzia jamii kulipwa fidia utamaduni wake unapotumiwa, na mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha sheria maalum ya kulinda maarifa ya kiasili na sanaa za kitamaduni. Kwa hiyo hata sentensi ya "mali ya jamii" ina uzito kuliko tunavyoifundisha. Mali ya jamii ni mali yenye mwenyewe, isipokuwa mwenyewe ni wengi.

Darasani turuhusiwe nini?

Baadhi ya walimu, wakisikia haya, huogopa hata kumwimbisha mwanafunzi. Hofu hiyo haina msingi. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, utafiti na matumizi ya binafsi, mradi mtunzi atajwe. Inaruhusu pia mkusanyiko uliokusudiwa kutumiwa shuleni uwe na dondoo fupi zisizozidi mbili kutoka kazi moja, pamoja na jina la kazi na la mtunzi. Kuandika ubeti mmoja ubaoni, ukataja mwenyewe na ukauchambua, ni kazi halali ya mwalimu.

Yasiyoruhusiwa nayo yanajulikana, ingawa hatupendi kuyasema. Kutoa fotokopi ya tamthilia nzima kwa kidato kizima kwa sababu nakala halisi ni ghali si uhakiki. Kununua kando ya barabara mwongozo ulionakiliwa kwa wizi ni kumlipa aliyeiba na kumwacha aliyeandika. Chama kinachoshughulikia haki za kunakili maandishi, KOPIKEN, kiliundwa kwa sababu hiyo hasa. Najua, kwa kuwa nami ni mwalimu, kwamba wazazi wengi hawana uwezo na kwamba maktaba zetu ni haba. Lakini hatuwezi kumfundisha mwanafunzi dhamira ya unyonyaji kwa kutumia kitabu kilichonyonya. Ni afadhali nakala halisi kumi zinazosomwa kwa zamu kuliko nakala arobaini za wizi.

Hali kadhalika wakati wa Tamasha la Muziki. Shule nyingi huchukua lahani ya wimbo maarufu, zikabadilisha maneno, na kuandika katika programu "wimbo umetungwa na mwalimu fulani". Iwapo lahani si yako, sema hivyo, na uombe idhini. Jina la mtunzi halipunguzi alama za kwaya.

Jinsi ya kujibu katika mtihani

Tuangalie mfano. Beti ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya:

Mkulima ana jembe, mvuvi ana wavu,
Nami nina gitaa, na sauti kavu;
Haba na haba natia, kibaba hakijai,
Kumbe chini kina tundu, aliyetoboa simjui.

Mtahiniwa dhaifu ataandika: "Mwimbaji ametumia methali. Wimbo huu ni mali ya jamii." Amepata nini? Ametambua mbinu, hajaieleza; kisha ametoa dai asiloweza kulithibitisha.

Mtahiniwa hodari ataandika hivi: "Nafsineni ni mwanamuziki anayejilinganisha na wafanyakazi wengine ili kuonyesha kwamba gitaa ni zana ya kazi kama jembe na wavu. Mtunzi ameazima methali ya jamii inayosema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ameipindua: kibaba chake hakijai kwa sababu kina tundu. Tundu ni sitiari ya wizi wa kazi za sanaa. Methali ni ya jamii. Tundu ni ubunifu wa mtunzi."

Jibu hili linaonyesha mahali mapokeo yanapokoma na mahali utunzi unapoanza. Mstari huo ndio mhakiki anaoutafuta, na ndio sheria ya hakimiliki inaoutafuta pia. Ukiweza kuuona katika mishororo minne, utaweza kuuona katika wimbo mzima.

Kwa hiyo, unapopewa swali la nyimbo, fuata hatua hizi:

(a) Jiulize kwanza: je, ni wimbo wa jadi au wa mtunzi anayejulikana? Usitoe sifa ya moja kwa nyingine.
(b) Tenganisha mtunzi, fanani na nafsineni.
(c) Taja kilichoazimwa kutoka kwa jamii, kama vile methali, kiitikio cha kale au mhusika wa ngano.
(d) Eleza mtunzi amefanya nini na alichokiazima.
(e) Ikiwa mtunzi hujulikani kwako, andika "mtunzi hajatajwa". Usiandike "hana mtunzi".

Hitimisho

Tumeona kwamba sentensi yetu ya darasani inahitaji kurekebishwa. Pendekezo langu ni hili: "Nyimbo za jadi ni mali ya jamii, nyimbo za kisasa zina watunzi, na watunzi wana haki." Ni sentensi fupi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuikariri.

Kuna sababu nyingine ya kuirekebisha, nayo imeketi madarasani mwetu. Katika shule za Thika na Ruiru wamo wasichana na wavulana wanaotunga. Wana madaftari ya mashairi chini ya madawati, na baadhi yao wamekwisha kurekodi katika studio ndogo za mitaani. Tukiwafundisha kwamba wimbo hauna mwenyewe, tutakuwa tumewafundisha kuibiwa kabla hawajaanza kazi. Tukiwafundisha kuandika jina na tarehe chini ya kila ubeti, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuweka akiba pamoja na wenzao kama watunzi wa TAMCO, tutakuwa tumefanya kazi ya mwalimu wa fasihi.

Maswali ya zoezi

1. "Kutojulikana kwa mtunzi si sawa na kutokuwapo kwa mtunzi." Jadili ukirejelea nyimbo mbili unazozijua. (alama 10)
2. Tofautisha kati ya mtunzi, fanani na nafsineni. (alama 6)
3. Chagua wimbo mmoja wenye mtunzi anayejulikana kutoka eneo lenu. Taja vipengele viwili vya fasihi simulizi alivyoviazima na ueleze jinsi alivyovibadilisha. (alama 8)
4. Eleza njia nne ambazo shule inaweza kutumia kulinda haki za watunzi na waandishi. (alama 4)
5. Tunga wimbo wa beti mbili ukitumia methali moja uliyoipindua. Andika jina lako na tarehe. (alama 12)